Kipimajoto cha Shule na Malaria ya Milimani

Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Robert Koch alifika Usambara akichunguza homa zilizokuwa zikiwasumbua wenyeji na wageni. Aliandika jambo moja ambalo naona lafaa kusimuliwa katika kila darasa la biolojia nchini. Watu wa milimani walimweleza kwamba homa ile haikuwa ya kwao. Waliipata waliposhuka tambarare. Nao waliiita mbu, kwa sababu, walisema, huko chini ndiko waliko wadudu wa jina hilo wanaowauma watu. Ilikuwa ni miaka ile ile ambapo Ronald Ross, huko India, alikuwa akipasua matumbo ya mbu chini ya hadubini, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wazee wa Usambara hawakuwa na hadubini. Walikuwa na kumbukumbu ya vizazi vingi juu ya mahali penye homa na mahali pasipo na homa, na mpaka baina ya sehemu hizo mbili waliujua kwa kuukanyaga.

Makala haya yahusu mpaka huo. Dunia inapopata joto, mpaka huo waweza kupanda mlima, na watu wanaoishi juu yake ndio wasio na kinga. Bondeni, mahali ambapo malaria ipo mwaka mzima, mtoto aliyenusurika miaka yake ya kwanza hupata kinga ya kiasi fulani, na mtu mzima huugua lakini kwa kawaida hafi. Milimani si hivyo. Mlipuko ukizuka huko huwakumba wazee kwa watoto, mwalimu pamoja na wanafunzi wake, na mama mjamzito kuliko wote. Ndiyo sababu nyuzi moja au mbili za joto, ambazo mkazi wa Dar es Salaam hatazihisi hata kidogo, zaweza kuwa jambo la kufa na kupona kwa mkazi wa Lushoto, Kericho au Kabale.

Hesabu ya vimelea

Wanafunzi wengi hujibu katika mtihani kwamba mbu wa jamii ya Anofelesi "hueneza malaria", wakapata alama zao, wakaishia hapo. Lakini mbu aliyenyonya damu yenye vimelea leo hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea lazima kwanza vikue ndani ya mwili wake, vitoboe ukuta wa tumbo, viongezeke, kisha visafiri mpaka kwenye tezi za mate. Mbu hana joto la mwili lake mwenyewe kama sisi. Joto lake ni la mahali alipo. Kwa hiyo kasi ya ukuaji wa vimelea hutegemea joto la mahali hapo.

Ipo kanuni ya zamani, iliyoenezwa na mtaalamu wa Kirusi Bibi T. S. Detinova katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962, ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuitumia bila shida. Kwa kimelea hatari kuliko vyote, Plasmodiamu falsiparamu, chukua wastani wa joto kwa nyuzi za Sentigredi, toa 16, kisha gawanya 111 kwa jibu ulilopata. Utapata idadi ya siku ambazo kimelea huhitaji ndani ya mbu. Penye nyuzi 25 ni siku 12 hivi. Penye nyuzi 20 ni siku 28. Penye nyuzi 18 ni siku 55 na nusu. Penye nyuzi 16 kanuni inakataa kabisa, na kwa kweli karibu na joto hilo vimelea huacha kukua.

Sasa tuweke hesabu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mbu hufa wengi kila siku: kwa kuliwa, kwa kuuawa, kwa uchovu wa maisha yao mafupi. Tuchukulie kwamba katika kila mbu 100 walio hai leo, 90 wataiona kesho. Ni wangapi kati ya mbu 1,000 walionyonya damu yenye vimelea watakaoishi mpaka wawe na uwezo wa kuambukiza? Penye nyuzi 18, watabaki 3 tu. Penye nyuzi 19, watabaki 20. Penye nyuzi 20, watabaki 54. Penye nyuzi 22, watabaki 142.

Namwomba mwalimu wa hisabati asimame hapa kidogo na darasa lake. Joto limeongezeka kwa nyuzi moja, kutoka 18 hadi 19, nao mbu wenye hatari wameongezeka karibu mara saba. Nyuzi moja ile ile, ikiongezeka huko pwani kutoka 26 hadi 27, haileti badiliko la namna hiyo hata kidogo. Kwa hiyo mtu anayeuliza iwapo ongezeko la joto duniani "litaongeza malaria" ameuliza swali lisilo na jibu moja. Yapasa aulize: wapi?

Hesabu hii ina kasoro zake, nami sitaki kuzificha. Idadi ya mbu wanaokufa kila siku haifanani kila mahali, na joto likizidi mno mbu wenyewe hudhoofika. Tena mbu haishi katika hewa ya wazi inayopimwa na idara ya hali ya hewa. Akishashiba damu hujibanza ukutani ndani ya nyumba, na nyumba za milimani, ambamo moto huwashwa jioni na madirisha ni madogo, huwa na joto kuliko nje. Kijiji ambacho kwa ramani kina nyuzi 17 chaweza kuwa na nyuzi 19 palipo na mbu. Jambo hili nitalirudia.

Kwa kadiri, joto hupungua kwa nyuzi 0.6 kila tunapopanda mita 100. Maana yake nyuzi moja ni sawa na mita 160 hivi za mwinuko. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2021 kwamba uso wa dunia katika miaka 10 iliyotangulia ulikuwa umepata ongezeko la nyuzi 1.1 kupita ilivyokuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na sababu kubwa ni kabonidayoksaidi itokayo katika makaa ya mawe, mafuta na ukataji wa misitu. Sehemu iliyochangiwa na bara letu ni ndogo sana. Haki ya jambo hilo ina mahali pake pa kujadiliwa. Mbu hatatungoja tumalize mjadala.

Ugomvi wa Kericho

Katika miaka ya 1980 na 1990 malaria ilirudi kwa nguvu katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mahali palipojulikana zaidi ni mashamba ya chai ya Kericho, nchini Kenya, ambayo yana hospitali zilizotunza hesabu za wagonjwa kwa miaka mingi. Wengi walisema upesi kwamba joto limeongezeka. Mwaka 2002 kundi la wataalamu lilichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa sehemu nne: Kericho, Kabale ya Uganda, Gikonko ya Rwanda na Muhanga ya Burundi. Walitazama takwimu za hali ya hewa kuanzia mwaka 1911 hadi 1995, wakasema hawakuona badiliko la maana katika joto. Walielekeza kidole kwingine, hasa kwa klorokwini, dawa ambayo vimelea vilikuwa vimeanza kuizoea katika eneo letu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970.

Wapinzani wao walijibu mwaka huo huo. Takwimu zilizotumika, walisema, hazikupimwa Kericho. Zilikadiriwa kutokana na vituo vilivyotawanyika mbalimbali, kisha zikatandazwa juu ya ramani kwa miraba mikubwa, na katika nchi ya milima mraba mmoja huweza kuwa na bonde la moto na kilele cha baridi kwa pamoja. Mwaka 2006 wengine walizirefusha takwimu hizo hadi mwaka 2002, wakazichambua kwa njia nyingine, wakaona kwamba joto limepanda. Ubishi ukaendelea kwa makaratasi mengi. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, nami nakumbuka semina moja ambapo maprofesa wawili, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunywa maji ya Kericho, walikaribia kutukanana juu ya sehemu ya kumi ya nyuzi.

Kilichotuliza ugomvi hakikuwa mashine kubwa. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Bibi Judith Omumbo walizichukua takwimu za kila siku za kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe, zilizoandikwa kwa muda wa miaka 30 kuanzia mwaka 1979, wakazikagua na kuzisahihisha kwa uangalifu. Joto la Kericho lilikuwa likipanda kwa takriban sehemu mbili za kumi za nyuzi kila miaka 10. Ukilipeleka jibu hilo katika kanuni yetu ya mwinuko, mpaka wa malaria umekuwa ukitafuta nafasi ya kupanda kama mita 30 kila miaka 10. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 2014, uchunguzi mwingine kutoka Debre Zeit ya Ethiopia na Antioquia ya Colombia ulionyesha kwamba katika miaka ya joto malaria hupanda juu zaidi mlimani, na katika miaka ya baridi hushuka. Huo nao ulitegemea hesabu za wagonjwa zilizoandikwa mahali penyewe, kijiji kwa kijiji.

Msomaji atambue ni nani aliyemaliza kazi. Ni mtu ambaye jina lake hatulijui, aliyekwenda kwenye kisanduku cheupe kila asubuhi, mvua ikinyesha au isinyeshe, akasoma kipimajoto na kuandika namba katika daftari kwa miaka 30, pasipo kujua kwamba ipo siku maprofesa wa Ulaya na Marekani wangeihitaji.

Mvua zile zile, majibu mawili

Hata hivyo ningependa kuwaonya wale wanaoona kila homa kuwa ni kazi ya tabia ya nchi. Mwaka 1997 na 1998 mvua za El Niño zilinyesha Afrika Mashariki kwa namna ambayo kila aliyekuwa na umri wa kukumbuka anaikumbuka. Huko Kabale malaria ilipanda sana baada ya mvua hizo. Watu wengi wangetegemea Usambara iwe vivyo hivyo. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi huko, wakiwemo Watanzania wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walipima mvua zaidi ya mara mbili ya kawaida, lakini malaria ilikuwa pungufu kuliko mwaka uliotangulia. Yamkini maji mengi yaliyafagilia mbali mazalio ya mbu, viluwiluwi vikaenda na mafuriko. Mvua zile zile, mlima huu na mlima ule, majibu yakapingana.

Tena ziko kazi za mikono yetu. Mabonde ya Kabale yalikuwa na mafunjo tele. Yalipokatwa ili watu wapate kulima, watafiti walipima wakaona kwamba vijiji vilivyo kando ya mabonde yaliyolimwa vina joto kuliko vile vilivyo kando ya mafunjo, na hatari ya malaria ilifuata joto hilo. Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, wataalamu wetu waliandika mwaka 1987 kwamba sura ya malaria imebadilika; mahali palipokuwa na malaria haba pamekuwa pa kuambukizana, nao waliitazama misitu iliyofyekwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo joto la kijiji si lazima litoke kwenye moshi wa Ulaya tu. Mengine twayaleta kwa shoka.

Na mwanadamu aweza pia kuurudisha mpaka chini. Tangu vyandarua vyenye dawa na dawa mseto zilipoenea baada ya mwaka 2005, malaria ilipungua katika sehemu nyingi za nchi yetu wakati joto likizidi kupanda. Katika Tanzania Bara, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 18 katika uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008. Mwaka 2017 walikuwa kama asilimia 7. Wapo wanaosema kwa furaha kwamba basi, habari ya tabia ya nchi haina maana tena. Nadhani wanakosea. Chandarua ni mkono unaozuia mlango, na joto ni nguvu inayousukuma kutoka upande wa pili. Mlango kutofunguka si dalili kwamba hakuna anayesukuma. Mwaka 2022 asilimia ile ilikuwa 8, yaani haikuendelea kushuka.

Hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo. Serikali imegawa wilaya kwa viwango vya hatari ya malaria, ili vyandarua na dawa vielekezwe panapohitajika zaidi. Ni mpango wa busara, maana fedha hazitoshi. Lakini mgawanyo huo hujengwa juu ya wagonjwa waliokwisha kuonekana. Kata ya milimani ambayo jana haikuwa na malaria itahesabiwa kuwa salama, vyandarua vitakuwa vichache, mganga wa zahanati hatatazamia homa hiyo, na watu wake hawatakuwa na kinga. Mpaka ukipanda kwa mita 100, taarifa ya kwanza itakuwa ni misiba.

Daftari la shule

Ninalopendekeza si geni. Muhtasari wa jiografia wa sekondari umekuwa na somo la kituo cha hali ya hewa kwa miaka mingi. Shule nyingi za milimani ziliwahi kuwa na kituo hicho: kisanduku cha Stevenson chenye miguu minne, kipimamvua, pengine na kijogoo cha kuonyesha upepo. Shule niliyosoma mimi, ambayo sitaitaja, ilikuwa nacho. Zamu yangu ya kusoma ilikuwa Jumanne na Alhamisi saa 3 asubuhi. Niliporudi kutoka ng'ambo nikiwa na shahada yangu, nilikwenda pale kuziomba daftari, kwa kuwa nilizihitaji katika utafiti. Kisanduku kilikuwa kimegeuzwa banda la sungura. Daftari za miaka kama 20 hivi zilikuwa zimepelekwa jikoni, na mpishi, mzee muungwana asiye na hatia yoyote, alinieleza kwamba karatasi zake zilifaa sana kuwashia moto kwa kuwa zilikuwa kavu.

Nazishauri shule zilizo juu ya mita 1,000 au zaidi zifufue vituo hivyo, na kila moja ishirikiane na zahanati iliyo karibu. Shule iandike kila siku joto la juu kabisa, joto la chini kabisa, na mvua. Zahanati itoe kila juma hesabu mbili tu: watu waliopimwa malaria na waliokutwa nayo, bila majina. Kipimajoto kimoja kiwekwe pia ndani ya nyumba ya kawaida kijijini, ukutani penye kivuli na mbali na mafiga, kwa sababu niliyoieleza hapo juu. Vipimajoto vya zebaki vinaondolewa duniani kwa ajili ya sumu yake. Vya spiriti au vya betri vyatosha. Gharama yake kwa shule ni ndogo kuliko ya mpira wa miguu na jozi za viatu vya timu.

Wenzangu wa chuo kikuu wameniambia kwamba takwimu za watoto hazitaaminika. Mwanafunzi atasahau, atabuni namba siku ya Jumapili, atasoma kipimajoto akiwa amekikalia jua. Ni kweli. Lakini kosa la namna hiyo hugunduliwa kwa kulinganisha shule na jirani yake na kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa kilicho karibu, na mwanafunzi anayejifunza kulikamata kosa amejifunza sayansi zaidi kuliko aliyekariri majina ya mawingu. Hata takwimu za Kericho zilihitaji kusahihishwa kabla ya kutumiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kujua mapema kunasaidia nini ikiwa hakuna anayesikia? Mwaka 2006 wataalamu waliokuwa wakitazama joto la bahari na majani ya nchi kwa satelaiti walitoa onyo juu ya homa ya Bonde la Ufa katika Pembe ya Afrika, majuma kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kuonekana Garissa mwezi Desemba. Mapema mwaka 2007 ugonjwa huo ulikuwa Tanzania, na kabla haujakoma zaidi ya watu 100 nchini mwetu walikuwa wamekufa, mbali na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Onyo lilitoka mbali, kwa lugha ya mbali, likawafikia wafugaji kwa kuchelewa. Grafu iliyochorwa na wanafunzi na kubandikwa ukutani katika ofisi ya kijiji haina safari hiyo ya kupita. Mwenyekiti wa kijiji akiona mstari wa joto umepanda miezi miwili mfululizo, na mganga akasema waliokutwa na vimelea juma hili ni sita badala ya mmoja, wanaweza kwenda wilayani kudai vyandarua na vipimo juma hilo hilo, wakiwa na karatasi mkononi.

Mwalimu atakayependa kuanza asingoje barua kutoka juu. Aanze na kipimajoto kimoja na kipimamvua kilichotengenezwa kwa chupa. Kisanduku kiwe kwenye nyasi, mbali na kuta na bati, mlango wake uelekee kusini au kaskazini ili jua la asubuhi na jioni lisiingie, na vipimajoto viwe kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ardhini. Namba ziandikwe kwa kalamu ya wino, na siku ambayo hakuna aliyesoma iachwe wazi, isijazwe kwa kukisia. Kila mwisho wa muhula zinakiliwe nakala mbili, moja ya zahanati na nyingine ya ofisi ya kata. Daftari lenyewe liwe na jalada gumu, na lisiwekwe karibu na jiko.